Muulize Fundi: Mdogo wangu kaanza kuchora gerezani, nimpelekee rangi?

Habari za mwezi wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia tu, mistari miwili, kwamba huu uandishi wa mabango unaonilisha mimi na wanangu nilijifunzia gerezani, basi jamani, simu ya ofisini haijapumzika na bahasha zimejaa droo nzima. Wengi mnataka kujua nilifanya nini. Nilikuwa mhasibu wa saccos, nikala hela za kina mama walioniamini, nikahukumiwa miaka 6 nikatumikia 4 maana theluthi inapunguzwa ukiwa na mwenendo mzuri, na hela yenyewe nalipa kidogo kidogo mpaka leo. Hapo tuishie. Nimechagua barua nne, zote zinazungukia hilo hilo la sanaa ndani ya kuta. Majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo Fundi. Naandika kutoka Tanga. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 24, kafungwa miaka 7 kwa kuvunja nyumba na kuiba. Mwaka wa kwanza tukienda kumuona haongei, anaangalia chini tu, kakonda, mama akawa anarudi analia njia nzima. Sasa hivi kama miezi mitano ameanza kuchora na amebadilika kabisa, tukifika yeye ndo wa kwanza kuongea, juzi kaniuliza eti maji ya bahari pale Raskazone asubuhi yana rangi gani hasa, nikamwambia bluu, akasema hapana angalia vizuri halafu uje uniambie. Kaniomba penseli na rangi. Baba anasema huo ni utoto, mtu kavunja nyumba ya watu anatakiwa atubu sio kuchora samaki. Nimpelekee? Na je hii kitu inamsaidia kweli au anajidanganya tu siku ziende? – Dada mtu

JIBU: Marahaba dada yangu na pole sana, najua foleni ya siku ya kutembelea wafungwa ilivyo, umebeba kikapu jua la saa sita na ukifika mbele unapewa dakika chache huku watu kumi wengine wanapiga kelele pembeni yako.

Jibu fupi, mpelekee. Jibu refu ndo hili, vumilia.

Mtu ambaye hajakaa ndani anadhani kinachotesa ni chakula au kulala kwa kubanana. Vinatesa ndiyo, lakini mwili unazoea, mi nilizoea hadi kunguni. Usichokizoea ni kwamba hamna kitu kinachokusubiri wewe. Unaamshwa, unahesabiwa, unapewa uji, unapelekwa kazini, unahesabiwa tena, unapewa ugali, unafungiwa jua bado lipo, na katika yote hayo hakuna hata moja ambalo wewe ukifa usiku huu kesho litasimama. Unakuwa kama gunia ghalani. Na mwenye miaka 7 ana tarehe moja tu ya kufikiria, siku ya kutoka, ukiihesabu kila siku inakutafuna, nimeona watu wanapiga mistari ukutani halafu mwaka wa pili katikati wanaacha, na wakishaacha mistari ujue na kuoga wataacha.

Sasa mdogo wako ana samaki ambaye hajamaliza mkia. Unaona tofauti? Akifungiwa jioni anawaza mkia. Asubuhi akitoka anatafuta mwanga auangalie. Kakutuma wewe Raskazone ukaangalie maji, yaani yuko ndani lakini ana kazi nje na amekuajiri wewe, na we umeenda kuangalia ama hujaenda? Kama hujaenda nenda kesho asubuhi kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Nikupe stori yangu. Seli niliyokuwepo nyapara wetu, yaani mfungwa aliyewekwa kutusimamia sisi wenzake, alikuwa mtu wa makamo, mvuvi, mkali kweli kweli. Siku hiyo tulikuwa tunajenga choo kipya kwa hiyo mifuko ya saruji ilikuwa mingi, nikachana karatasi ya ndani nikawa nakwaruza jogoo kwa kipande cha mkaa kutoka jikoni, sina hata nia, mkono tu. Akasimama nyuma yangu nikajua leo nakula kipigo. Akasema we mhasibu, nichoree mama yangu. Nikamuuliza picha iko wapi, akasema picha hana, mama alifariki yeye akiwa ndani na hata kumzika hakumzika. Nitakuelekeza, akasema.

Nikachora. Akasema siye. Pua ya mama ilikuwa ndefu kidogo, akaniambia. Nikachora tena, akasema huyu ni shangazi yangu sasa. Macho ya mama, akasema, yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo. Hivi dada yangu we unachoraje macho yanayocheka kabla ya mdomo? Nilikesha nawaza hilo. Jogoo nilikuwa namjua, binadamu simjui, ikabidi nianze kuwaangalia wenzangu sura, mwaka mzima nimelala nao miguu kwa vichwa na sijawahi kuona kwamba yule jamaa wa Kigoma kope zake za chini ni nyingi kuliko za juu. Wa tano hapana, wa sita hapana, wa nane akakaa kimya muda mrefu nikasema hapa nimepatia, halafu akasema sikio. Tundu la sikio la kushoto lilikuwa limepanuka kwa hereni nzito alizovaa usichana wake, umeliacha dogo. Nikamwambia kesho. Na lile neno kesho sikuwa nimelitamka kwa hamu tangu siku ya hukumu.

Ndo hicho anachokipata mdogo wako, na usifikiri ni mambo ya kwetu tu huku. Kuna Mmarekani anaitwa Jesse Krimes, alifungwa kwa kesi ya kokeini, akachukua mashuka ya gereza 39, akawa anapaka jeli ya nywele kwenye picha za gazeti halafu anasugua na kijiko cha plastiki mpaka picha inahamia kwenye shuka, na juu yake anachora. Miaka 3. Shuka likiisha linatoka nje kwa posta, maana lingekutwa lingechukuliwa, kwa hiyo hakuwahi kuyaona yote yameunganishwa mpaka alipoachiwa, kichwani tu ndo alikuwa anayapanga. Mwaka 2024 makumbusho ya Metropolitan kule New York yalimfanyia maonesho. Lakini mi ninapomuwaza simuwazi kwenye maonesho, namuwaza na shuka la 17, la 16 limeshaondoka na la 18 bado, na hana pa kuchungulia mstari ulipoishia.

Na wa kwetu pwani, Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa miaka 3, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa kilichouliza Kenya twendapi, muda mwingi akawekwa peke yake kabisa, akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kikapata zawadi ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndo ilimfunga, hapo ucheke mwenyewe. Wewe umesoma shule unajua shairi letu lilivyo, mizani nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Sasa weka mtu peke yake chumbani amebakiza kina kimoja cha mwisho hakijakaa. Huyo hana nafasi ya kufa moyo, anatafuta neno.

Baba sasa. Mpe shikamoo zangu na umwambie hajakosea, kuchora hakufuti kosa, mimi nimechora miaka mitatu na deni langu halikupungua hata shilingi moja. Ila namuomba asikie na hili. Siku moja jamaa mmoja tuliyegombana naye alimkanyaga kwa makusudi mama wa nyapara, yule wa mchoro wa saba, karatasi ikachanika shavuni. Nilitetemeka mwili mzima, nikashikwa na watu watatu. Usiku nikawa nawaza, kikaratasi cha saruji hiki, na ndipo kwa mara ya kwanza, nasema mara ya kwanza na nilikuwa nimeshamaliza mwaka na nusu kila Jumapili nipo ibadani natubu kwa sauti, nikamuona kwenye akili yangu mama mmoja muuza mbogamboga ambaye hela yake ya kujengea chumba ndo niliyonunulia mimi pikipiki. Kabla ya hapo nilikuwa nasikitikia kufungwa.

Mambo ya vifaa. Usimfichie kitu kwenye mkate wala kwenye ndala, nakuomba, akikutwa navyo ni kosa na siku zake za kupunguziwa zinaweza kuliwa. Nenda ofisini umuulize ofisa wa ustawi nini kinaruhusiwa hapo, kila gereza na mkuu wake, pengine watakubali penseli na daftari na rangi watakataa, pengine watataka vikae kwa afande atoe na kurudisha. Wakikataa vyote bado asikate tamaa. Sisi brashi tulitengeneza kwa nywele zetu tukafunga na uzi kwenye njiti ya fagio, bluu ilikuwa ile ya kufulia, kahawia ni majani ya chai yamechemshwa mpaka yamekuwa uji, nyekundu tulisaga tofali la kuchoma, nyeupe dawa ya mswaki. Dawa ya mswaki ikikauka inapasuka, kwa hiyo mawingu yangu yote ya miaka ile yana nyufa. Hata Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar mwaka 1968 rangi za wasanii hakuwa nazo, alipaka rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na sasa watalii wananunua samaki wa aina hiyo hiyo anaochora mdogo wako na ambao baba anawadharau.

Na ukienda kumuona usimwambie mchoro ni mzuri. Muulize umebakiza wapi.

SWALI: Sitakusalimia, samahani. Nilisoma mistari yako miwili ya mwezi uliopita nikaona nikuandikie. Mtu aliyemuua kaka yangu yuko gerezani na nimesikia anachonga vinyago na kusifiwa kwamba amebadilika. Mwaka jana nilienda Sabasaba nikakuta watu wamejaa banda la Magereza wanapiga picha na makochi, wanasema angalia wafungwa wana vipaji. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Mashati yake nani anayapiga picha? Nyie mlioko upande huo mnapata sanaa, mnapata sijui maana ya maisha, sisi tumepata kaburi. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hujanikosea kwa kutonisalimia.

Sitakwambia usikasirike na sitakwambia huyo mtu kabadilika, simjui, na hata ningemjua sio mimi wa kukuambia. Makochi ya pale Sabasaba mengi ni kazi ya karakana, wafungwa wanapangiwa kama wanavyopangiwa kulima, useremala wa gereza la Ukonga au viatu vya gereza la Karanga kule Moshi, ni ufundi mzuri na wakitoka wanaweza kula nao, ila anayeunda kochi pale hachagui hata mguu wake uweje. Nilichokuwa nakizungumzia mimi ni kile mtu anachofanya jioni cha kwake. Lakini najua kwako wewe tofauti hiyo haina kazi.

Uingereza kuna shirika lilianzishwa na mwandishi Arthur Koestler mwaka 1962, yeye mwenyewe aliwahi kufungwa Hispania mwaka 1937 wakati wa vita akiwa anasubiri kuuawa, kila mwaka linakusanya kazi za wafungwa na kuzionesha London, na picha ikiuzwa sehemu ya hela huwa inaenda kusaidia waliofanyiwa uhalifu. Sikuambii hili kukutuliza. Nakuambia kwa sababu hata wao ilibidi wajiulize swali lako, na kwetu huku sijasikia likiulizwa na mtu yeyote mwenye kipaza sauti.

Mimi wale kina mama wa saccos sijawahi kuwachora hata mmoja. Nimejaribu, mkono unakataa, nikaona bora nilipe hela.

Ninachoweza kukupa ni nafasi. Ukurasa huu mwezi ujao ni wako ukiutaka, mimi sitaandika neno. Tuandikie hayo mashati. Kola alikuwa anaikataje, vifungo alipenda vya namna gani, kuna mteja alikuwa anamsumbua kila Idi? Kama kuna moja limebaki lipigwe picha, mhariri ameshakubali tutalitoa kwa rangi, nusu ukurasa. Ukiona hutaki pia sawa, barua yako nimeihifadhi.

SWALI: Fundi, mimi ni askari magereza sijui kama watu wa aina yangu unatupenda. Mkuu wetu amekubali nianzishe kikundi cha sanaa kila Jumamosi mchana. Bajeti hamna hata shilingi, na mimi mwenyewe kuchora sijui. Wafungwa niliowauliza wote wanajibu hawana kipaji. Nianzie wapi? – Afande

JIBU: Afande, baadhi yenu nawapenda.

Hao wanaosema hawana kipaji wanakuogopa tu, na wanaogopana wao kwa wao, gerezani mtu akichekwa anachekwa miaka. Nikuambie ya Zomba, Malawi. Mwaka 2013 mtayarishaji mmoja wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, alienda na vyombo vyake kwenye gereza la Zomba. Upande wa wanaume walikuwa na bendi tayari. Wanawake wakasema sisi hatutungi nyimbo. Akasubiri, mmoja akajitokeza, akaimba, na alipomaliza foleni ikawa ndefu. Albamu yao ikatajwa kugombea tuzo za muziki za Grammy za 2016, Malawi haikuwahi kufika huko, kura zikaenda kwa Angélique Kidjo lakini nani anajali. Na kitu cha kukuhusu wewe, kwenye ile albamu wamo na askari. Wameimba na wao.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza usisimame mlangoni na rungu ukasema haya choreni. Vua kofia, kaa chini, na wewe chora. Kwa vile umesema hujui itakuwa vizuri zaidi, wakishaona mchoro wa afande ni mbaya kuliko wote pale ndani woga umekwisha. Usiwaambie wachore chochote wanachotaka, mtu aliyepangiwa kila kitu miaka minne ukimwambia chochote anaganda, mwambie achore mkono wa aliyekaa kulia kwake. Au mlango wa nyumbani kwao. Mlango ni mzuri sana, wote wanaukumbuka, na kila mmoja atabishana na kumbukumbu yake kitasa kilikuwa upande gani.

Vifaa unavyo hujui tu. Mkaa jikoni, karatasi za mifuko ya saruji, udongo wa mfinyanzi kama mko karibu na bonde, sabuni ya mche inachongeka vizuri hata na mpini wa kijiko cha plastiki, na mabaki yake yanafulia kwa hiyo hakuna atakayesema mnaharibu mali ya serikali.

Sasa kubwa kuliko yote, na hili usipolifanya mengine acha tu. Tafuta sanduku lenye kufuli, kazi zao zikae humo na upekuzi usiziguse. Nimeona upekuzi wa alfajiri magodoro yanapinduliwa na miezi minne ya mtu inakanyagwa na buti, na aliyekanyaga wala hakuwa na ubaya, hakuona tu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa gereza la Kamiti kule Kenya mwaka 1978 aliandika riwaya nzima ya Kikikuyu kwenye karatasi za chooni, alikuwa anatania kwamba zilikuwa ngumu kiasi hazifai kwa kazi yake ila kwa kalamu zinafaa sana, msako ukapita zikachukuliwa zote, na baadaye mkuu wa pale akamrudishia. Yule mkuu hakuandika hata neno moja la ile riwaya, lakini bila yeye tusingekuwa nayo. Kwa hiyo sanduku, afande, na kufuli, na ufunguo ukae kwako.

SWALI: Salaam aleikum Fundi. Mimi ni wa Mtwapa huku Kenya, gazeti lenu huletewa na shemeji yangu anayekuja huko Dar kwa biashara. Nilifungwa miaka mitatu nikatoka Novemba. Kule ndani nilikuwa nachonga kila siku, miiko, vijiko, na kuna dau moja nilichonga na tanga lake na foromali hadi askari wakawa wanakuja kulitazama. Nilisema nikitoka nitafungua duka la kazi zangu. Sasa niko nje miezi yote hii na hata kisu sijashika. Nina wakati, nina mbao tele nyuma ya nyumba, hakuna wa kunizuia. Nakaa tu barazani. Watu wanipita wanitazama. Nimekuwa nikijiuliza kumbe kile kilikuwa ni cha jela tu na huku nje mimi si kitu? – Mchongaji

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na karibu nyumbani, ingawa najua nyumbani kwenyewe kwa sasa hakujakaa sawa.

Yamenikuta hayo hayo. Nilipotoka nilikaa miezi saba sijagusa brashi, nilikuwa nadai eti natafuta kazi ya uhasibu, nani anipe mimi uhasibu. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri nasubiri kuhesabiwa. Mke wangu alikuwa ananiona nimesimama uani gizani, akawa haulizi.

Umeandika una wakati na una mbao tele na hakuna wa kukuzuia, na mi nafikiri ugonjwa uko hapo hapo. Ndani ulikuwa na saa moja na nusu kabla ya kufungiwa na kipande kimoja cha mti ambacho ukikosea hupati kingine, na nyuma yako kuna watu ishirini wanataka kuona dau limefika wapi, hata yule askari alikuwa anapita makusudi. Huku nje dau lako nani analiulizia? Mkeo anaulizia unga. Na yuko sahihi.

Mimi kilichonitoa ni kinyozi wa mtaani kwetu. Hakujua chochote kuhusu mimi, aliniona tu siku moja nasahihisha kwa mate na kidole herufi ya bango lake iliyomwagika, akasema kumbe unajua, niandikie jipya, nataka Ijumaa maana Jumamosi ni sikukuu. Akanipa elfu nane ya rangi. Mkono ulitetemeka kama wa mlevi, herufi ya kwanza niliifuta mara tatu, kichwa cha mteja nilichokichora pembeni kilitoka kama papai, lakini Ijumaa saa moja usiku bango lilikuwa juu. Lipo hadi leo, hajakubali nilibadilishe, anasema wateja wanalicheka halafu wanaingia.

Yule mama wa nyapara niliyemsimulia dada wa Tanga hapo juu, wa tisa, sijammaliza. Nyapara alitoka kwa msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba, asubuhi wakasoma majina akaitwa, akaondoka na ndala zake tu, hata kuagana hatukuagana vizuri. Karatasi ninayo, nimeigongomea nyuma ya mlango wa karakana. Huwa naitazama nikiwa nasubiri rangi ikauke. Sikio bado.

Sasa duka liache kwanza. Nakupa oda na naomba uichukue kama oda ya mtu yeyote, usinipe ya bure kwa sababu tumekaa sote ndani, kwenye magereza mawili ya nchi mbili, hiyo undugu tutafanya siku nyingine. Nataka mwiko wa kusongea ugali, mbao ya mwembe kama ipo kwenye hizo zako, urefu kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko, kichwa kiwe kipana kiasi na bapa kweli maana mke wangu anasonga ugali wa watu tisa na wa dukani unapinda. Mpini usiwe wa mviringo kabisa, uwe na pembe kidogo usiteleze mkono ukiwa na maji. Msasa upige vizuri, wa mwisho alionunua ulimwacha na kibanzi. Nakupa mia sita za kwenu, ukisema mia nane tutaongea. Namba ya ofisi iko chini ya ukurasa, mpe kondakta wa basi la Dar akifika atupigie, nauli ya mzigo juu yangu.

Nautaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mke nimeshamwambia unakuja na ule uliopinda ameshaugawa kwa jirani, kwa hiyo sasa hivi tunasonga na wa kuazima.